Siku Tuliyopelekwa Mtera Kuangalia Viboko

Safari ile aliipanga wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni mwalimu Iringa mjini. Walimu wenzake walikuwa wamekodi Coaster kwenda Bwawa la Mtera, wapande boti wazunguke visiwani kuangalia viboko, mamba na ndege. Akatuchukulia nafasi mbili bila kutuuliza.

"Mtoke kidogo humo ndani, wifi," aliniambia. "Nyumba hiyo itawamaliza."

Hakukosea. Binti yetu alikuwa amefariki miezi michache kabla, na tangu hapo mimi na baba yake tuliishi kama wapangaji wawili wasiojuana. Alikwenda gereji alfajiri, akarudi, akala, akalala amegeukia ukuta. Zamani aliniita mama fulani, kwa jina la mtoto, kama mtaa mzima ulivyoniita. Baada ya msiba jina lile likamshinda kutamka, na hakutafuta jingine. Nikawa sina jina nyumbani kwangu. "Chakula kipo?" "Mlango umefungwa?" Basi.

Mtoto alifia Mwanjelwa, Mbeya, kwa mama yangu, tulikokwenda kumsalimia bibi yake wakati wa likizo. Homa ilimpanda jioni, asubuhi hatukuwa naye. Baba yake alikuwa shambani kwao Kilolo, huko bondeni ambako simu haishiki. Yeye alisilimu ili anioe, kwa hiyo kila kitu kilikwenda kwa taratibu za kwetu, na kwetu maiti hacheleweshwi. Alipopata habari akapanda gari la kwanza aliloliona barabarani, lori la mbao. Alipofika Mbeya, wajomba zangu walikuwa wameshazika. Alikaa kwenye mkeka pamoja na wanaume wengine, akaomba maji ya kunywa. Hakuuliza kitu siku ile, wala siku zilizofuata.

Basi tukaenda Mtera. Tuliondoka Iringa na masweta, tukateremka mpaka kwenye joto la migunga na mibuyu, walimu wakiimba na kugawana mayai ya kuchemsha. Mume wangu alikaa dirishani. Mtu alipompa yai, alilishika mkononi safari nzima kama aliyeombwa amtunzie mwenyewe.

Kwenye boti tulivaa maboya, tukaambiwa tusisimame. Nakiri kwamba kulikuwa kuzuri. Maji yalikuwa makubwa na yametulia, na katikati yake miti iliyokauka bado imesimama, imebaki pale tangu bonde lilipojazwa maji. Kila tawi lilikuwa na ndege. Tuliona wari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, wamejipanga kwenye ukingo wa mchanga. Tuliona mamba ameachama juu ya jiwe, na mwalimu mmoja akasema anafanana na mkaguzi wa shule, wote wakacheka. Nilimtazama mume wangu nione kama na yeye amecheka. Alikuwa anatazama maji tu.

Tulishuka kwenye kisiwa kidogo cha mawe na nyasi ili tule. Baada ya chakula nahodha akatuita tupande upande wa pili, taratibu, bila kelele. Chini yetu, karibu kabisa, kulikuwa na kundi la viboko majini. Mmoja alikuwa amejitenga kwenye tope la ukingoni. Mbele yake palikuwa na kitu cha kijivu, kama gunia lililolowa.

"Mtoto wake huyo," nahodha alisema. "Alikufa jana. Mama bado anamlinda."

Kiboko yule alikuwa akimsukuma mtoto kwa pua. Anamsukuma mpaka majini, mtoto anaelea kidogo, halafu anaanza kuzama. Anamwinua kwa mdomo, anamrudisha topeni, anasimama. Kisha anaanza tena. Mamba wawili walikuwa wakingoja mbali kidogo, na kila waliposogea aliwakimbiza, akarudi mbio kwa mtoto.

"Jamani, maskini!" walimu walisema, na simu zikatoka. Mmoja akageuza mgongo ili apate picha yake pamoja na kiboko nyuma.

"Zimeni simu," mume wangu alisema. Hakuwa ameongea tangu Iringa. "Nimesema zimeni! Kwenye msiba mnapiga picha?"

Watu wakazima. Wifi akawatoa polepole, wakateremka kwenye boti. Mimi nilibaki. Mume wangu alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono magotini.

"Twende," nilimwambia. "Upepo unaanza."

"Nenda. Mimi nakaa na huyu."

"Baba, tafadhali."

"Muone," alisema akimwonyesha kiboko. "Mnyama. Hana akili. Lakini hakuruhusu mtu amwondolee mtoto. Wewe ulishindwa kuwaambia waningoje? Saa chache tu?"

Ndipo nikamweleza. Nikamwambia kwamba niliwaomba wajomba mpaka nikapiga magoti, kwamba nilishika jeneza mlangoni na shangazi zangu wakanibandua vidole. Nikamwambia kwamba mimi ni mwanamke, sikwenda makaburini, kwa hiyo na mimi sikuliona shimo alilowekwa. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale muda wote nikiamini kwamba siku nitakayoyasema tutalia pamoja, na mambo yatatengemaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungepiga kelele zaidi," alisema.

 

Nahodha alipanda kutufuata. "Kaka, hapa jua likizama viboko wanapanda kula majani. Na huyu ana uchungu. Atakuua."

"Sawa tu," mume wangu alijibu.

Neno hilo alilisema kwa upole, kama mtu anayekubali kuongezewa chai. Wifi alikuwa amerudi, akalisikia. Alijitupa chini, akamkumbatia miguu. "Kaka, usiniache. Kaka, nina nani mimi?" Walimu wawili wanaume wakaja, wakamshika mume wangu kwapani. Hakupigana nao. Walimshusha kama mgonjwa, wakamkalisha katikati ya boti.

Kurudi hakuna aliyeimba. Wifi aliniegemea begani akilia, nami nikawa nambembeleza, nikiona kwamba safari yake ya kutuokoa ndiyo iliyotumaliza.

Kabla ya mvua mume wangu alirudi Kilolo, akisema anakwenda kuandaa shamba. Hakurudi. Hakuniandikia talaka, wala hakunitukana. Nilifunga virago nikahamia kwa mama, sasa nauza khanga na vitenge sokoni Mwanjelwa. Wifi hunipigia. Husema kaka yake amelima viazi, amekonda, haongei.

Mwaka huu binamu yangu alimkuta makaburini. Alikuwa ameng'oa magugu, amemwagia udongo maji, amekaa. Binamu akamkaribisha nyumbani kwetu, si mbali, mtu anakwenda kwa miguu. Akasema anawahi basi.

Siku hiyo sikwenda sokoni. Nilikuwa nyumbani tangu asubuhi.