Kidonda cha Safari ya Zambia

Samli ya zamani ina harufu ambayo ukishaizoea utotoni haikutoki, hata uogeshwe kwa sabuni zote za dukani. Si harufu nzuri, nisidanganye. Ni nzito, ina moshi na uchachu wa kibuyu ndani yake, na ukipakwa inatangulia kufika kila unakokwenda. Kwetu Kamunyonge, pale Musoma, harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: Bibi, mama mzazi wa baba, amefika kutoka Bukima. Samli yenyewe alipewa na dada yake aliyeolewa Butiama kwenye ng'ombe wengi, naye aliitumia kwa kila kitu, kuanzia mboga hadi mafua. Akishaingia na kibuyu chake, sisi watoto tulijua kwamba jua halitazama kabla hatujapakwa wote, mwenye kikohozi na asiye nacho. Nilikuwa nikikimbilia chooni kujificha. Alikuwa akinisubiri mlangoni, kimya, vidole vimeshachovywa.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa pilikapilika nyumbani. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, redio inahubiri kilimo asubuhi na ukombozi wa Afrika jioni, na Wachina wanajenga reli ya kwenda Zambia. Dada yangu Nyanjura, mzaliwa wa kwanza, alichaguliwa kwenda kusomea uuguzi huko huko Zambia. Mimi nilikuwa bado darasa la chini, meno ya mbele yameng'oka yote, na jambo hilo lilinipandisha kichwa kuliko hata mwenye safari. Shuleni nilitembea kama mimi ndiye ninayeondoka. Majirani walianza kumwita Baba "mzee wa Zambia", naye, tarishi wa ofisi moja ya serikali ambaye hakuwahi kuvuka Mwanza, akaanza kueleza habari za nchi hiyo kana kwamba aliwahi kuishi huko. Mama alimwacha aseme. Alikuwa na kazi nyingi.

Maana maandalizi yenyewe yalikuwa ya kijiji kizima ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Shangazi alikuja kutoka Bunda na mto aliousindilia pamba ya shambani kwake, mgumu kama gunia, akasema mtoto wake hatalalia manyoya ya kuku wa watu asiowajua. Mama alikausha sato na kukaanga dagaa kwa chumvi nyingi hadi wakawa wanalia mdomoni. Alisaga udaga wa muhogo, akausaga tena, akaufunga kwenye vitambaa. Sanduku la bati lilipakwa rangi ya bluu na likakataa kukauka, kwa hiyo kila aliyepita alitoka na alama. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye maneno, alikuja kutupasha kwamba Wazambia wanakula viwavi. Nyanjura alitabasamu tu. Mimi nilifurahi mno, nikaipeleka habari hiyo shuleni siku hiyo hiyo na kuongeza nyoka kwa hesabu yangu mwenyewe. Sote tulikuwa na furaha ya namna hiyo, ya kupayuka na kugombania nafasi sandukuni, na leo nikikumbuka naona jinsi watu wale walivyotupenda bila kusema.

Lakini sanduku si safari. Ili kuvuka mpaka wa Tunduma ilibidi Nyanjura awe amechanjwa ndui, na ionekane kwamba chanjo imeshika. Wasomaji vijana hawaijui ndui, na washukuru. Ilikuwa ikiua, na iliyemwacha hai ilimwacha na uso wenye mashimo. Bwana Afya wa Musoma, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kanisani, alimchomachoma dada yangu juu ya mkono wa kushoto kwa sindano yenye ncha mbili, akampa masharti. Asipaoshe. Asipapake kitu. Asipakune. Patavimba, patatoka kipele, kipele kitatunga usaha, kisha kitafanya kigaga. Arudi wiki inayofuata kikaguliwe. Kisipotokea kipele, hakuna mhuri kwenye cheti cha chanjo, na bila mhuri gari litamwacha. Nilikuwepo, nilimsindikiza, na niliyasikia yote vizuri kwa sababu nilikuwa nasubiri kuona kama atalia. Hakulia.

Tuliporudi nyumbani harufu ilitupokea tangu uani. Bibi alikuwa amefika kumtoa mjukuu wake.

Kumtoa msafiri, kwa jinsi Bibi alivyolelewa kule Majita, kulikuwa na utaratibu wake. Maji yanachotwa ziwani asubuhi na mapema, yanatiwa unga wa ulezi na majani anayoyajua mwenyewe. Msafiri anaogeshwa na mkubwa wake mwili mzima, kisha mkubwa anachukua maji kidogo mdomoni na kumpulizia kifuani na mgongoni huku akitaja majina ya waliotangulia. Tangu maji yanapomgusa hadi anapovaa nguo, msafiri hasemi neno. Akisema, amezikata baraka. Na kubwa kuliko yote, msafiri hatoki nyumbani na kidonda kibichi. Kidonda kilichoanzia nyumbani kinapaswa kupona nyumbani. Ukiondoka nacho, kinakuita urudi na njia haikupitishi, au njia inakupitisha na nyumba isikuone tena. Haya hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Kaka yake Bibi alichukuliwa kwenda vita vya Burma akiwa na jeraha la jembe mguuni, halijafunga. Hawakumwona tena, wala kaburi lake.

Basi kesho yake alfajiri, nyuma ya nyumba, Bibi alimvua dada yangu, na mkono wake ukakutana na ule mchomo mpya. Alishtuka. Aliugeuza mkono kwenye mwanga, akauliza kwa Kijita ni nani amemkata mtoto siku za kuondoka. Nyanjura alikuwa ameshalowa maji. Akanyamaza, kama alivyofunzwa. Alinitazama tu, nami nilikuwa nimeshika beseni na meno yananigongana kwa baridi, nikadhani ananitazama kwa sababu na yeye anasikia baridi. Mama alikuwa jikoni. Bibi akatafuna majani, akayatema pale penye mchomo, akasugua, akasugua tena, akaosha, akafunika kwa samli. Alifanya kwa upole na kwa bidii ya mtu anayeziba tundu la mtumbwi. Kila asubuhi na kila jioni alirudia, na Nyanjura, ambaye baadaye alitueleza kwamba alidhani dawa imeshaingia kwenye damu na haiwezi kutolewa na majani, alimwachia bibi yake mkono. Ngozi ikawa laini kama hapakuwahi kuguswa. Bibi alitulia roho kabisa. Aliimba.

Siku ya ukaguzi Bwana Afya aliushika ule mkono, akaugeuza, akaomba ule mwingine, labda amesahau aliuchanja upi. Kisha akauliza kilichopakwa. Harufu ilikuwa imeshamjibu. Hakugomba. Alisema tu kwamba chanjo haikushika, kwamba atamchanja upya, na kwamba kati ya siku ile na siku ya gari la Mwanza, ambako wanafunzi wote walikuwa wanakusanyika, muda ulibaki mdogo sana. Kikitoka kipele, atagonga mhuri. Kisipotoka, nafasi atapewa msichana mwingine, naye alikuwepo, anasubiri.

Nyumba ilizizima. Baba alikuwa mtu wa kelele, na jioni ile kelele zilimwishia, jambo lililotutisha zaidi. Alikaa akitazama sanduku la bluu. Hawezi kumgombeza mama yake mzazi, na hawezi kuacha kukasirika, kwa hiyo alimgombeza jogoo. Mama ndiye aliyemweleza Bibi, kwa adabu, pole pole, kwamba kile kidonda kilitakiwa kubaki, kwamba serikali ya Zambia na ya kwetu zote zinakitaka kile kidonda. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Alikiweka kibuyu chini.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfungia mtoto njia," alisema.

Nilimpenda sana Bibi na saa ile nilimchukia, na nilimwonea huruma papo hapo, na nikaenda kulilia kwenye mto wa Shangazi, ambao haukufaa hata kwa kulilia.

Kuanzia siku ya chanjo ya pili, aliyeulinda ule mkono alikuwa Bibi mwenyewe. Alikaa karibu na Nyanjura na kipepeo cha ukindu, nzi asitue. Mimi nikipita karibu naambiwa nizunguke. Alimzuia asichote maji, asisonge ugali, asivae gauni la mikono mirefu. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuuangalia, na kipele kilipoanza kuinuka, chekundu, kidogo tu, ni yeye aliyetuita. Mama alipiga vigelegele. Baba alitoka nje akajifanya anatafuta jembe. Nilimtazama Bibi nikaona machozi, nikadhani ni ya furaha kama yetu, mpaka nilipouona mkono wake ukienda kwenye kibuyu cha samli na kurudi mtupu. Kile alichokuwa anakiomba kitoke ndicho kilichomwogopesha kuliko vyote. Mjukuu wake ataondoka na kidonda kibichi kama kaka yake, na safari hii yeye ndiye amekilinda.

Bwana Afya aligonga mhuri siku moja kabla ya gari kuondoka. Tulikuwa tumeshageuka kutoka, Mama, Nyanjura na mimi, tukipigana vikumbo kwa shangwe, tulipogundua kwamba Bibi hajatufuata. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. Mwanamke huyu hakuwahi kukubali kuguswa na hospitali. Watoto wake wote aliwazaa Bukima, na jino alijing'oa mwenyewe. Ameshusha kitenge begani, mkono wa kushoto uko wazi.

"Nichanje na mimi, mwanangu," alimwambia Bwana Afya. "Hapo hapo ulipomchanja huyu."

Bwana Afya alimwuliza kwa heshima Bibi anasafiri kwenda wapi. Bibi alisema haendi mahali. Mama akatafsiri kilichofuata, maana Bibi aliingia kwenye Kijita. Mtoto anaondoka na kidonda. Kwetu kidonda kinaponea nyumbani. Basi cha kwake kiende, na mwenzake kibaki hapa, kwa mtu wa damu yake, kipone hapa. Bwana Afya hakucheka. Angeweza kucheka, alikuwa mtu wa shule, na mpaka leo namshukuru. Aliichovya sindano, akamchanja Bibi polepole kuliko alivyomchanja dada yangu, akampa masharti yale yale.

Nyanjura aliondoka na basi la asubuhi, sanduku juu ya paa, mkono amefungiwa kitambaa. Hatukujua tutamwona lini. Bibi alibaki kwetu na akaugua vibaya. Kwa umri wake na kwa kuwa hakuwahi kuchanjwa, mkono ulivimba hadi kiwiko, homa ikampanda, kipele kikawa kikubwa kuliko cha Nyanjura mara kadhaa. Mama alimsihi apake hata samli kidogo. Alikataa katakata. Alisema huyo wa Zambia naye hana wa kumpaka. Alikaa kizingitini mkono wazi, anaumwa waziwazi, hasemi kwamba anaumwa. Kigaga kilipokauka na kudondoka chenyewe, alikiokota, akakizika nyuma ya nyumba pale alipomwogeshea mjukuu wake, akanawa mikono. Kisha akamwambia Baba aache uso wa msiba, mtoto amepona huko aliko.

Nyanjura alirudi nikiwa msichana mkubwa. Amenenepa, anatembea kwa viatu vya kisigino, anachanganya maneno ya Kibemba na alikiri kwamba viwavi ni vitamu. Bibi alikuwa kipofu wa jicho moja na mguu umeanza kumsumbua, lakini alifunga safari kutoka Bukima. Hakumsalimia. Alimpandisha mkono wa gauni, akapapasa hadi akakuta kovu, duara dogo lenye vishimo. Akafunua la kwake. Akayaweka mabega mawili sambamba, ngozi kwa ngozi. Ndipo akasema karibu nyumbani.

Binti yangu alisafiri kwenda Ghana hivi karibuni. Maandalizi yote yalikaa ndani ya simu yake, kuanzia tiketi hadi hali ya hewa. Chanjo alichomwa mchana wakati wa chakula, akarudi kazini na plasta ndogo. Ndui imekwisha duniani, mkono wake hauna kovu, na alipotua Accra nilimwona uso kwa uso kwenye kioo kabla hata hajapata mizigo yake. Nashukuru. Wanaosema zamani ilikuwa bora hawakuwahi kumsubiri mtu wa Zambia miaka yote ile bila kusikia sauti yake. Lakini nilipomsindikiza nilijikuta nampapasa mikono na miguu kama mwendawazimu, nikimwuliza kama ana kidonda popote. Alicheka, akasema Mama, niko mzima. Nikamwambia sawa, nenda. Wiki nzima aliyokuwa huko, mkono wangu wa kushoto uliniuma, juu, karibu na bega, na sikuupaka kitu.