Mfungo wa Kiuno

Wapendwa, kabla sijasema lolote, niangalieni vizuri. Huyu mnayemwona asubuhi hii amekula ndizi za maziwa bakuli zima, na kuna wakati alishindwa hata kuinua kijiko.

Mimi ni Atupele, mchuma chai wa Kyimo, kwetu milimani kwenye chai na migomba. Nilikuwa na mwili wa kutosha, kapu nalifikisha kwenye mzani bila kupumzika. Mama yangu naye anachuma. Saa sita kila mtu anafungua alichobeba, tunachanganya kwenye jani moja la mgomba, tunakula.

Basi nikaingia kwenye kundi la yoga la kwenye simu. Mwalimu wetu alikuwa mdada wa Dar, mpole, tumbo limeingia ndani. Anajikunja kwenye mkeka, halafu anasema ndizi na viazi vinaharibu kiuno, na mwanamke anayejipenda hali kabla ya saa nane. Akatuuzia na chai ya kusafisha tumbo. Mimi ninayeamka kila siku kuchuma chai, nikanunua chai ya pakiti kutoka Dar. Chekeni tu, hata mimi nimeshacheka.

Saa sita ikifika najitenga na wenzangu. "Nimefunga," nasema. Mama ni mtu wa maombi, akafurahi sana. Akawaambia wenzake kwamba mwanawe anaombea familia. Jamani, nilimwacha aamini hivyo.

Ile chai ilinipeleka chooni mara tano, mara sita kwa siku. Uzito ukashuka, kundi likanipongeza. Halafu misuli ya miguu ikaanza kukaza, vidole vikafa ganzi, moyo ukawa unaruka mapigo. Nikamwandikia mwalimu. Akajibu, "Ni uchafu unatoka, dada. Pumzika, kunywa maji ya dafu." Mtu wa Kyimo dafu nalitoa wapi? Na kupumzika, mstari wangu wa chai anachuma nani?

Siku moja miguu ikakataa. Nilianguka katikati ya chai na kapu langu mgongoni. Sikuzimia, nasikia kila kitu, ila mguu hauinuki. Mama akatupa kapu lake, akanikumbatia palepale kwenye tope mpaka wenzetu walipokuja kunibeba.

Hospitalini daktari akasoma majibu ya damu. "Potasiamu, madini yanayoendesha misuli na moyo, imeshuka mno. Moyo ungeweza kusimama. Umekuwa ukila nini?"

Mama akanijibia. "Hali, daktari. Yuko kwenye mfungo. Hata mimi nimefunga naye siku tisa, nisimwache peke yake."

Nikamtazama mama. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na mimi sikuwa nimeona. Umri ule, na kapu lile. Nililia, nikasema ukweli wote. Daktari akajifanya anaandika.

Mama akauliza, "Yaani nimefunga siku tisa kwa ajili ya kiuno?" Akacheka mpaka akashika kitanda. Halafu akalia, nami nikalia naye.

Nilitundikiwa dripu siku tatu. Wakati wa kuniruhusu daktari akaniuliza kama nyumbani zipo ndizi za kurudisha potasiamu. Nikamwambia, "Daktari, sisi ni wa Kyimo." Akasema, "Basi rudi ukazile, na hiyo chai uimwage."

Yule mwalimu simchukii. Alinifundisha kunyoosha mgongo, na mpaka leo naunyoosha. Lakini yeye akimaliza kujikunja anakaa, mimi nikimaliza napanda kilima na kapu. Chakula chetu hakiwezi kuwa kimoja. Wenzangu, mapigo ya moyo yakiruka, nendeni hospitali, msiulize kwenye kundi. Na msimfiche mama njaa yenu.

Mama yangu yule pale nyuma. Siku hizi hagusi tonge mpaka aone nimemeza la kwanza. Juzi nilimuuliza zile siku tisa alikuwa anaomba nini. Akasema, "Sikujua wewe unaomba nini, mwanangu. Mimi niliomba unenepe tu."

Ndaga fijo, mama. Asante sana. Na nyie wengine, hebu niangalieni tena.