Kuku wa Shangazi na Homa ya Maduhu

Harufu ya mapanki yakikaangwa hunipandisha hasira kabla sijatia hata kipande mdomoni. Watu wa Mwanza wa umri wangu mnaijua: mafuta yale yale ya jana, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya viwanda kuchukua minofu na kuipeleka Ulaya, na moshi unaokaa kwenye nywele siku mbili. Mama aliyakaanga nyuma ya nyumba yetu Igogo tangu baba alipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma. Siku ninayowasimulia, karai lilikuwa motoni, na mdogo wangu Maduhu alikuwa amelala mapajani mwangu.

Kwanza niwaambie kilichotuponza. Nilizaliwa nimetanguliza miguu, ndiyo maana naitwa Kashinje, kama bibi mzaa baba, ambaye naye alitanguliza miguu. Bibi alikuwa mfumu, mpiga ramli anayejulikana vijiji vyote vya ng'ambo ya Kamanga. Asubuhi moja, nikiwa na miaka tisa, nilisema nimeota bibi ananiachia kigoda chake. Jioni yake shangazi Ngolo akashuka kwenye kivuko, amejifunga kanga ya msiba. Bibi alikuwa amefariki. Sikatai kwamba niliota. Ndoto ile ni yangu, na mpaka leo sijui ilitoka wapi.

Wao walijua. Shangazi alisema ni damu, bibi amenichagua, niache shule nikafundwe kwao. Mama, aliyekuwa ameokoka mwaka ule, alisema ni karama ya Roho Mtakatifu na mizimu haina cha kumpa binti yake. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi za nyumba ile tulikuwa wawili.

Baba akakata shauri kwa njia ya kwao: kuku aulizwe. Kwa Wasukuma kuku hutemewa mate na mwenye shida, hupasuliwa, kisha mwili wake husomwa kujua jambo linatoka upande gani. Shangazi alijua kumsoma. Mama naye, asishindwe, aliwaita wanawake wenzake wa maombi, wakajipanga ukutani wakimkemea kuku kwa jina la Yesu. Kuku mwenyewe alipiga kelele kuwashinda wote.

Nikaitwa niteme mate. Sikuinuka.

"Baba," nikasema, "Maduhu ana homa. Anatetemeka."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Mmesikia?" shangazi akasema. "Marehemu ameanza kusema kwa kinywa cha binti huyu."

"Marehemu gani, wifi? Huyo ni Roho anafunua! Haleluya!" mama akajibu, na wenzake wakapokea kwa vifijo.

"Shangazi, mguse tu. Mimi nimemshika paji la uso."

"Tulia, mwanangu," baba akasema. "Tumalize kwanza na kuku."

Basi wakabishana juu ya nani aliyeniambia kwamba mtoto anaumwa. Mama yetu mzazi alikuwa hatua chache kutoka kwetu, mikono yote miwili ameiinua juu, na hakuteremsha hata mmoja kumgusa mwanawe. Ndilo jambo nisiloweza kulisamehe, na nimejaribu.

Macho ya Maduhu yalipogeuka meupe nilimfunga mgongoni kwa kitenge nikapita katikati yao. Hawakunizuia. Nadhani hata kuondoka kwangu walikuona ni ufunuo. Zahanati ilikuwa chini ya mteremko, na muuguzi alimtoa mgongoni mwangu akakimbia naye ndani.

"Wazazi wako wako wapi?" akaniuliza baadaye.

"Wanasoma kuku," nikamwambia.

Maduhu hakufa. Mama alisimama kanisani akashuhudia jinsi maombi yalivyomtoa mwanawe kaburini. Shangazi alivuka kurudi kwao akiwasimulia abiria wenzake kwamba kuku alitoka mweupe ndani, bibi amekubali. Masikio hakuna aliyeyataja. Malaria ilikuwa imempanda kichwani, na yule mtoto aliyekuwa ameanza kusema maneno mawili matatu hakusikia tena.

Nilishakuwa na watoto wangu ndipo nilipoelewa. Wazazi wangu na shangazi walikuwa watu walioishiwa. Kazi imekwisha, sangara wa ziwa lao wanaliwa na wengine, na mwonaji ndani ya nyumba kilikuwa kitu pekee ambacho kingeweza kuwa chao. Nimewaelewa, lakini hasira haijaniisha. Na watu hawajaacha kuniuliza, hasa misibani: ule uwezo, Kashinje, uliurithi kwa bibi au ulipewa na Mungu? Wananiuliza mbele ya mdogo wangu, hata salamu ya mkono hawajampa.

Maduhu anashona nyavu ufukweni Pasiansi sasa, mtu mzima mwenye ndevu. Nikitaka kumwita naokota kijiwe, nakirusha mbele ya miguu yake.