Boksi Zima, Bei Nafuu

Jamani, leo nimenunua chakula ambacho hakiliki.

Tangu vita viishe, hapa Shinyanga ukiona foleni unaingia kwanza, unauliza baadaye.
Nami nikaingia, mbele ya duka la ushirika.

Baadaye nikauliza.
"Maboksi ya chakula, mayu," akasema bibi aliyenitangulia. "Ukichukua zima, bei inapungua."
"Chakula gani?"
"Ukianza kuchagua, toka kwenye mstari."

Watoto wangu wameshinda na uji usio na sukari. Sikuchagua.
Nikatoa hela yote ya matumizi, nikapewa boksi (zito, nikashukuru), nikalifungulia pale pale barazani.

Hamira.
Pakiti juu ya pakiti, mpaka chini.

Na mji huu hauna unga wa ngano hata wa kugundishia bahasha.

Nikamrudia muuza duka.
"Shikamoo mzee. Hamira yote hii niumulie nini?"
"Marahaba, Mama Kabula. Boksi likifunguliwa halirudi. Unga wa ngano ulipelekwa Geita."
"Kwa hiyo Geita wanakula mikate?"
"Watailaje? Wanalia hawana hamira."

Akacheka. Foleni nzima ikacheka, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye mstari.

Nimefika nyumbani sasa hivi.
Watoto waliniona kwa mbali, boksi kichwani. Wameshanawa mikono, wamekaa mkekani, wananitazama.

Nyie mngewaambia nini?