Ng'ombe wa baba kwenye somo la kompyuta

Leo darasa zima limenicheka kwa sababu ya ng'ombe.

Kesho tuna mtihani wa utangulizi wa kompyuta. Mimi naurudia. Nikifeli tena, chuo basi.

Mwalimu akatupa swali la mazoezi: andika hatua ambazo kompyuta itafuata kujua kama ng'ombe wote wamerudi zizini.

Wenzangu waliandika: hesabu walioingia, linganisha na idadi ya jana.

Mimi niliandika orodha ya majina. Kila anayeingia, jina lake linafutwa. Jina likibaki, huyo hajarudi.

"Mama Kulwa, kompyuta haichungi," akasema Shija aliyekaa nyuma yangu. Nikacheka nao. (Nilishaanza kutafuta kifutio.)

Mwalimu akasoma daftari langu, akauliza darasa: "Ng'ombe wako akipotea, wa jirani akaingia kwako, idadi itasemaje?"

Idadi itasema wametimia.

Akanigeukia. "Nani amekufundisha hivi?"

"Baba."

"Anafundisha chuo gani?"

Nikamwambia baba alikuwa mfugaji, tulimzika mwezi wa nne. Hakuhesabu mifugo maisha yake yote, aliamini kuhesabu kunaleta mkosi. Jioni alisimama mlangoni pa zizi akiwaita: Madoa, Kijivu, Mapembe, hadi wa mwisho.

Mwalimu akasema pole, akarudi ubaoni.

Kwenu ng'ombe waliitwaje? Niandikieni, nimeshamaliza kusoma.

Mimi nimewaandika wote hadi Mkia Mfupi, kwa mpangilio wa baba.

Wametimia. Sijawahesabu.