Sabuni ya Mama Wema

"Ndoo yako ya dagaa ya ufundi hupati, Kalisti! Sili ya kuzuia maji umeweka giza lililopita tu, leo mashine inakunywa maji kama ng'ombe wa Kasulu!"

Klementina, Mama Wema kwa wanaomjua, alikuwa amesimama ufukweni Kibirizi, kitenge kakibana kwapani, mdomo hauna breki. Kalisti, fundi wa Rusimbi, alichuchumaa kando ya mashine ya boti, kuukuu, rangi ilishaisha, akalegeza skrubu ya chini kwenye boksi la gia. Yakatangulia maji, ikafuata oili, nyeupe kama uji wa mgonjwa.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama Wema. Macho ninayo."

"Basi mikono ndiyo huna."

Mashine hiyo Klementina aliachiwa na marehemu mumewe, na ndiyo iliyolisha nyumba yake ya Katubuka. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwaka, wakarudi ziwani giza, zile siku zisizo na mwezi, likiingia. Giza lilikuwa linaingia usiku huo. Feliksi na wenzake, wavuvi wake, wasipopata mashine wangehamia boti nyingine, na mvuvi akishazoea kula kwa mwingine, kumrudisha ni sawa na kumrudisha mume aliyeoa kwingine.

Kalisti akaazima pampu ya baiskeli. Akaunganisha mpira wake kwenye tundu la juu, la chini akaliziba, boksi akalizamisha kwenye beseni la maji, akapampu taratibu kama anayetafuta pancha. Kwenye skrubu, kimya. Nyuma ya propela vikaanza kupanda vipovu, kimoja kimoja.

"Si huko huko kwenye sili yako!" Klementina akapiga makofi. "Bado ubishe."

Kalisti akaitoa propela. Kuzunguka shafti kulikuwa na donge la kijivu, kama ugali wa jana. Akalinusa.

"Hii sabuni. Sabuni ya mawese."

Makofi yakakoma. Tangi likivuja watu hulipaka sabuni, likaacha kuvuja. Klementina aliona vivyo hivyo: akamwambia Feliksi kila wakitoka ziwani abandike kipande pale, kisaidie sili isichoke. Alidhani anaitunza.

Kalisti akalivunja donge kwa vidole. Lilikuwa limejaa mchanga wa ufukweni.

"Nilipoweka sili, shafti hii ilikuwa laini kama kioo. Sasa pitisha ukucha hapa."

Ukucha wa Klementina ukazama kwenye mfereji.

"Mchanga umeila. Hata niweke sili ya dhahabu, maji yatapita hapo."

"Tupige grisi."

"Itatoka."

"Uichomelee!"

"Itapinda, Mama Wema."

"Shafti nyingine si zipo madukani Mwanga?"

"Za mashine hizi hazipo. Tangu mwaka jana namtafutia mtu, sijapata. Hawatengenezi tena."

Klementina akageuka kama atafutaye mtu wa kumgombeza. Hakukuwa na mtu. Alikuwepo Feliksi tu, anakuja na taa begani.

"Shikamoo, mama. Tunaingia leo?"

"Marahaba. Mashine imekufa. Nendeni na Samson, nasikia anatafuta watu."

"Tutarudi, mama, ukishatengeneza."

"Haya. Mtarudi."

Feliksi akaenda, hakugeuka nyuma. Klementina akamtazama mpaka akapanda boti ya Samson, kisha akashika njia ya Katubuka bila kuaga.

Kalisti alikuwa anafunga vifaa vyake aliposikia kitu kikituliwa mchangani. Ilikuwa ndoo ya dagaa wakavu, imejaa mpaka mdomoni. Klementina alikuwa anahema.

"Hii yako. Ya kazi ya lile giza."

"Mama Wema, kaa nayo. Boti haiingii ziwani, nyumbani mtakula nini?"

"Nimekuuliza? Sili yako ilikuwa nzima." Akajifunga kitenge upya. "Chukua dagaa. Na ndoo yangu uirudishe."