Nukta Kwenye Kadi

Katika wodi ya watoto walimwita Taratibu. Kabla ya kuchoma sindano alisoma kadi mara tatu, kisha akamuuliza mama jina la mtoto hata kama walishinda pamoja wiki nzima. Wauguzi wenzake walitania kwamba wagonjwa wake hupona kabla hajamaliza kusoma. Alicheka nao, ila hakuwaambia alikojifunzia.

Miaka tisa nyuma, katika hospitali nyingine, hakuiona nukta ya desimali kwenye kadi. Mtoto wa siku nne akapewa dawa mara kumi ya kipimo, siku mbili mfululizo. Alipona, ila masikio hayakusikia tena. Msimamizi wa wodi alikuwa dada yake Taratibu. Saini kwenye kadi ilikuwa jina la baba yao, ambalo wote wawili walilitumia, na kamati ilipouliza ni ya nani, dada alijibu, "Yangu." Akapoteza kazi, kisha leseni. Sasa alifuma masweta ya shule kwa mashine, sebuleni kwake.

Taratibu alinyamaza, mwanzoni kwa hofu, baadaye kwa mazoea. Kanisani akapewa kufundisha darasa la ubatizo.

Jumapili moja somo lilikuwa kifo cha Yesu. Alieleza kama kijitabu kilivyoeleza: sisi tulikosa, yeye akabeba adhabu. Fundi kufuli mmoja, mwanafunzi asiyeishiwa maswali, akainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Kama Mungu ni upendo, si angesamehe tu yakaisha? Na kama ni haki, haki gani inampiga asiye na kosa, mkosaji akaenda zake?"

Jibu lilikuwa ukurasa wa pili. Alikifunga kijitabu. Aliwaruhusu mapema, akaenda moja kwa moja kwa dada yake.

"Nataka kusema ukweli," alimwambia.

Dada hakusimamisha mashine. "Kwa nani?"

"Kwa mama wa yule mtoto. Na kwa hospitali."

Mashine ikasimama. "Mdogo wangu, ulikuwa na miezi mitatu kazini. Nilikutazama machoni nikaona hutafika kesho. Nilikupenda, basi. Leo unataka nilichotoa kiwe bure?"

"Kristo alikufa, lakini hakumdanganya mtu, dada. Wewe ulibeba adhabu yangu. Yule mama hakupata kitu, hata ukweli."

"Usinihubirie nyumbani kwangu." Alishika uzi tena. "Na usidhani sikukuchukia. Kuna asubuhi nilikuona unapita na sare, nikafunga pazia."

Hilo lilimchoma kuliko yote. Darasani alikuwa akifundisha kwamba anayejitoa kwa upendo hajuti.

Mama wa mtoto alikuwa msusi. Taratibu alimfuata saluni asubuhi kabla ya wateja, akasema yote akiwa amesimama. Binti mwenyewe, sasa wa miaka tisa, alikuwa akipanga vitana, huku akiwatazama midomo.

"Miaka yote hii nikisali namtaja dada yako kwa jina, nimwombee mabaya," msusi alisema. "Kumbe siye."

"Naomba unisamehe."

"Usiniombe hilo leo. Umekuja ili upumue wewe. Kwanza nenda ukaandike, wakuulize kama walivyomuuliza yeye. Mimi na Mungu tutazungumza kivyetu."

Aliandika. Akasimamishwa kazi. Akiwa anangoja kamati alimpelekea mchungaji swali la fundi kufuli.

"Mungu hakumkamata mpita njia amwadhibu," mchungaji alisema. "Aliyehukumu na aliyeumia ni yeye yule mmoja. Upendo wake na haki yake havikugombana."

"Naamini hivyo," alijibu Taratibu. "Lakini sisi tulikuwa watatu, mchungaji, na wa tatu hakuulizwa."



Kamati ilimfungia miaka miwili. Dada naye aliitwa, ajieleze kwa nini alisema uongo, na barua ikakaa juu ya mashine mwezi mzima bila jibu. Siku ya kikao chake, ambacho Taratibu aliitwa kama shahidi, dada alitokea, amevaa sweta alilofuma mwenyewe. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu. Alisimama mbele ya mdogo wake bila salamu.

"Sogea," alisema.

Taratibu akasogea. Walikaa bega kwa bega, kila mmoja akiutazama mlango, hadi jina la baba yao lilipoitwa na wote wawili wakainuka.